Wewe ni wa Nani? Makundi na Uwajibikaji wa Chama Mkoani Arusha

Tarehe 1 Aprili 2012 wananchi wa jimbo la Arumeru Mashariki, kwenye miteremko ya Mlima Meru, walipiga kura kumpata mbunge wa kushika nafasi ya marehemu Jeremiah Sumari, aliyefariki dunia Januari ya mwaka ule. Ndugu Joshua Nassari wa CHADEMA alipata kura 32,972. Mgombea wa Chama Cha Mapinduzi, Ndugu Sioi Sumari, mwana wa marehemu, alipata kura 26,757. Chama kilipoteza kwa kura 6,215 jimbo ambalo miezi kumi na saba tu kabla ya hapo kilikuwa kimelishinda.

Nguvu haikukosekana. Rais mstaafu Benjamin Mkapa ndiye aliyefungua kampeni. Viongozi na makada kutoka ngazi za juu walipiga kambi Usa River. Magari yalikuwapo, fulana na kanga zilikuwapo, muziki ulikuwapo. Kwa hiyo matokeo yalipotangazwa, katika kumbi za Chama lilihitajika jawabu la haraka, nalo lilipatikana upesi kuliko hesabu ya kura zenyewe: tumehujumiwa na wenzetu. Kundi hili lilisema kundi lile lilikaa nyumbani makusudi. Kundi lile likajibu kwamba kundi hili ndilo lililolazimisha mgombea. Kila upande ulikuwa na majina ya wasaliti, na orodha za pande mbili zikiwekwa pamoja zingemaliza karibu uongozi wote wa wilaya.

Ndugu wasomaji, makala haya hayakusudii kuongeza jina katika orodha hizo. Tunakusudia kulihoji jawabu lenyewe. Tumefundisha elimu ya siasa kwa makada wa ngazi za chini kwa miaka mingi sasa, na tumefikia kuamini kwamba maelezo ya "kuhujumiwa" ni sehemu ya ugonjwa unaodaiwa kuelezwa. Ni maelezo yanayomfutia kila mtu deni lake. Aliyekuwa na fedha za kampeni hatoi hesabu, kwa sababu tulihujumiwa. Aliyepitisha jina la mgombea haelezi kigezo alichotumia, kwa sababu tulihujumiwa. Na wananchi waliopiga kura 32,972 wanatoweka kabisa katika mazungumzo, kana kwamba hawakuwa watu wenye akili zao na haja zao, bali walikuwa jiwe lililorushwa na mkono wa mtu fulani wa Chama dhidi ya mtu mwingine wa Chama.

SWALI LILILOZIMA MASWALI

Katika darasa moja la makatibu wa matawi, kata hatutaitaja, ndugu mmoja mkulima wa kahawa na migomba alitusimulia mkasa wake wa siku zile. Baada ya uchaguzi kulifanyika kikao cha tathmini. Yeye alisimama akauliza jambo dogo: fedha za mawakala wa vituo zililetwa kiasi gani, na mbona kwenye vituo vya tawi lake mawakala walishinda na njaa hadi jioni? Hakupewa tarakimu. Aliulizwa swali na kiongozi aliyekuwa meza kuu: "Wewe ni wa nani?" Akajibu, "Mimi ni wa tawi." Ukumbi ukacheka. Akakaa chini, na hakusimama tena kuuliza kitu katika kikao chochote hadi muda wake ulipokwisha.

Tumelitafakari sana swali lile. Lina maneno matatu tu baada ya mtu kutajwa, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya Chama. Linadhani kwamba mwanachama hana wazo lake. Wazo lolote analotoa ameazimwa na mwenye kundi. Linadhani kwamba kila swali ni shambulio, na kwamba thamani ya swali haipimwi kwa ukweli wake, inapimwa kwa mtu aliyelituma. Likishaulizwa, mapato na matumizi hayajadiliwi tena. Linalojadiliwa ni utii. Na kwa kuwa kila mwanachama anajua hivyo, mwenye busara hunyamaza, na asiye na busara hutafuta kundi la kumlinda kabla hajafungua mdomo. Ndivyo makundi yanavyokua: watu wengi huyaingia kwa kutafuta hifadhi, si kwa kupenda ugomvi.

Hapo ndipo tunaposema kwamba mabishano ndani ya Chama na ukosefu wa uwajibikaji si magonjwa mawili yaliyokutana Arusha kwa bahati mbaya. Makundi yaliua uwajibikaji kwa swali lile, na kukosekana kwa uwajibikaji kukayalisha makundi.

HITILAFU ZA MAWAZO NA HITILAFU ZA MASLAHI

Wapo makada wanaosema kwamba Chama kisicho na mabishano kimekufa. Ni kweli. Lakini ni lazima tujue mabishano ya namna gani.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wakoloni walikuwa wameweka masharti ya kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Je, TANU ishiriki uchaguzi wa namna hiyo au isuse? Wajumbe walivutana vikali. Mwalimu Nyerere alitaka kushiriki, wengi walianza kikao wakiwa hawakubali, na mwishowe mkutano uliamua kushiriki. Ndugu Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka, akaunda chama chake cha African National Congress. Mtu anaweza kumlaumu Mtemvu kwa mengi, lakini hakuna anayeshindwa kueleza alitoka kwa sababu gani. Hitilafu ile ilikuwa na maneno. Ingeweza kuandikwa ubaoni na kujadiliwa na mwanafunzi wa leo ambaye hakuwahi kumwona yeyote kati yao.

Sasa chukua makundi ya Arusha ya kati ya mwaka 2005 na 2015. Tumewauliza makada walioyaishi: kundi lile lilitaka nini juu ya mashamba makubwa ya Arumeru ambalo kundi jingine halikulitaka? Lilikuwa na msimamo gani juu ya maji ya vijiji vya tambarare? Juu ya bei ya kahawa? Juu ya malisho ya Monduli na Longido? Hatujapata jibu hata moja. Tunaambiwa nani alikuwa na nani, nani alipewa gari na nani, nani alikaa meza gani katika harusi ya nani. Hitilafu ile haikuwa na maneno, ilikuwa na majina tu.

Hiyo ndiyo sura ya uhafidhina ndani ya chama kilichozaliwa kuleta mabadiliko. Tulizoea kumtafuta mhafidhina nje: chama cha walowezi na watawala, UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining ili kuizuia TANU, kisha kikaangushwa katika uchaguzi wa 1958 na 1959 na kujifia. UTP ilijulikana ilikuwa inahifadhi nini. Mhafidhina wa ndani ni vigumu kumtambua, kwa sababu anavaa shati la kijani, anaimba nyimbo zote, na anachohifadhi ni nafasi yake tu. Hana haja ya kupinga sera yoyote. Kwa kweli huziunga mkono zote.

TAWI LINALOISHI KWA MFUKO WA MTU

Msingi wa jambo hili ni wa kiuchumi, na lazima tuuchimbe hata kama unatuuma.

Mji wa Arusha una jengo pale Kaloleni ambalo sasa ni makumbusho. Humo, kati ya tarehe 26 na 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilijadili Azimio lililotangazwa Februari 5 mwaka ule. Wengi hulikumbuka kwa utaifishaji wa mabenki na viwanda. Wachache hukumbuka kwamba sehemu kubwa ya uchungu wake ilimhusu kiongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Na bado wachache zaidi hukumbuka kwamba Azimio lilikikosoa Chama chenyewe kwa kutukuza idadi ya wanachama na kusahau ubora na imani yao. Miaka minne baadaye Mwongozo wa 1971 ukawapa wananchi kipimo cha kumpima kiongozi mwenye majivuno na dharau. Hatusemi kwamba miaka ile viongozi walikuwa malaika. Umangimeza ulikuwapo, na watu walihamishwa vijijini kwa nguvu bila ya yeyote kuulizwa hesabu. Tunasema kipimo kilikuwapo, kimeandikwa, na mwanachama wa kawaida angeweza kukinyooshea kidole.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ilipokutana Zanzibar, masharti yale ya uongozi yalilegezwa. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria, na ruzuku ya Serikali kwa vyama ikafuata. Wakati huohuo ada ya mwanachama, ambayo ndiyo iliyokuwa kamba ya kumfunga kiongozi kwa tawi, ikawa jambo la kukumbukwa karibu na uchaguzi, tena mara nyingi ikilipwa na mtu mmoja kwa niaba ya watu mia. Sheria ya uchaguzi ikaja kuruhusu "takrima", hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba inakwenda kinyume na Katiba. Takrima ilitoka katika sheria. Katika mazoea haikutoka.

Matokeo yake yanaonekana katika tawi. Tawi lisiloishi kwa ada ya wanachama wake litaishi kwa mfuko wa mtu. Kodi ya ofisi analipa yeye, rangi ya ukuta ananunua yeye, chai ya kikao ni yake, mafuta ya pikipiki ya katibu ni yake. Hahitaji kutoa amri. Siku jina lake linapoletwa, tawi linajua la kufanya. Na anapotokea mfadhili wa pili, ndipo tawi linapogawanyika makundi mawili, na majirani waliokuwa wakisaidiana kumwagilia mashamba kwa mfereji mmoja wanaacha kusalimiana. Wazee wa Meru wanaijua mifereji. Mfereji ukikatwa juu, wa chini hana la kufanya ila kubembeleza.

Katika ngazi ya taifa jambo hili lilipata jina mwaka 2005: mtandao. Mkoa wa Arusha ulikuwa moja ya ngome zake, kwa kuwa Ndugu Edward Lowassa wa Monduli alikuwa nguzo ya mtandao ule na akawa Waziri Mkuu hadi alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la Richmond. Baada ya hapo mtandao ulipasuka, na mpasuko ule ulishuka hadi kwenye mashina. Yawezekana katika kijiji fulani cha King'ori hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wa wakubwa hao, lakini kila balozi alitakiwa ajulikane yuko upande gani.

KITI CHA MEYA

Kabla ya Arumeru kulikuwa na mjini. Oktoba 2010 mgombea wa Chama, Ndugu Batilda Burian, alishindwa na Ndugu Godbless Lema wa CHADEMA katika jimbo la Arusha Mjini. Desemba ikafuata vita ya meya. Ndugu Gaudence Lyimo wa CCM alitangazwa meya katika uchaguzi ambao upinzani uliupinga, hoja yao kubwa ikiwa kwamba Katibu wa Chama wa Mkoa, Ndugu Mary Chatanda, alikuwa mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga, na hivyo hakustahili kuwa mjumbe wa baraza lile. Januari 5, 2011 maandamano ya CHADEMA yalikabiliwa na polisi, na watu watatu wakapoteza maisha.

Sisi tulifundishwa kwamba Chama ni cha watu kabla ya kuwa cha viti. Hakuna kiti cha meya chenye thamani ya roho ya mtu. Lakini tuweke kando huzuni, tuulize la uwajibikaji: ni kikao gani cha Chama, kuanzia tawi hadi mkoa, kilichokaa baada ya hapo na kuuliza kama uamuzi ule wa mbinu ulikuwa sahihi? Katika madarasa yetu hatujawahi kukutana na kada aliyehudhuria kikao kama hicho. Tumekutana na wengi wanaojua kundi gani lilifurahi na kundi gani lilinuna.

Wala wapinzani wetu wasitucheke sana. Mwaka uleule wa 2011 CHADEMA iliwafukuza madiwani wake watano wa Arusha kwa sababu waliingia katika mwafaka wa kumaliza mgogoro wa meya. Ugonjwa huu hauchagui rangi ya bendera. Ila sisi ndio tulioshika hatamu, na mwenye hatamu huulizwa kwanza.

ARDHI ILIYOSAHAULIWA

Turudi Arumeru. Tulisema wananchi wanatoweka katika maelezo ya hujuma. Tuwarudishe.

Serikali ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, iligawa ardhi kwa walowezi kuuzunguka mlima, hata Wameru na Waarusha wakabanwa kati ya mashamba ya walowezi chini na msitu wa hifadhi juu. Novemba 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakiwa na Umoja wao wa Raia walichangishana fedha, wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi yao kwa safari ile. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka akiwaeleza watu alichokisema, alichojibiwa na kilichoshindikana, na maelezo yale yakawa mbolea ya TANU iliyozaliwa mwaka 1954.

Kwa nini tunalikumbusha hili? Kwa sababu mtu wa Arumeru anapozungumza juu ya ardhi na uwakilishi, ana mfano wa babu yake kichwani. Anajua kumchangia mtu nauli na kumsubiri arudi na maneno. Mwaka 2012 vijana wa Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti walikuwa bado wanaishi kandokando ya mashamba makubwa, wengi hawana pa kujenga, na vijiji vingi vya chini vilikuwa vinatafuta maji ya mlima yanayopita jirani yao. Hayo ndiyo waliyotaka kuyasikia. CHADEMA iliyazungumza asubuhi na jioni. Wagombea na wapiga debe wetu nao waliyazungumza, hatukatai, lakini mwananchi aliuliza jambo rahisi: ninyi mlikuwa nalo jimbo hili tangu uhuru, basi tuelezeni mlichokifanya kuhusu mashamba haya, shamba kwa shamba. Hesabu hiyo haikuwapo, kwa kuwa muda wa kuiandaa ulikuwa umeliwa na ugomvi wa nani awe mgombea. Kura ya maoni ilibidi irudiwe. Minong'ono ya rushwa ilizagaa hadi magazetini. Na kwa kuwa mgombea aliyepita alikuwa mwana wa mbunge aliyefariki na mkwe wa Ndugu Lowassa, kila hoja juu yake, nzuri au mbaya, iligeuzwa kuwa hoja juu ya urais wa 2015. Kuwa mtoto wa fulani si kosa. Kosa ni wanachama kunyimwa nafasi ya kumpima kwa mengine.

Mwezi uleule wa Aprili 2012 Ndugu James Ole Millya, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Vijana wa Chama mkoani Arusha, alihamia CHADEMA. Ilipofika 2015, baada ya jina la Ndugu Lowassa kukatwa Dodoma mwezi Julai na yeye kuhama, Mwenyekiti wa Chama wa Mkoa mwenyewe, Ndugu Onesmo Nangole, alivuka pia. Mwenye funguo za ofisi aliondoka. Uchaguzi wa mwaka ule ulipokamilika, kati ya majimbo saba ya mkoa huu CCM ilibaki na Ngorongoro peke yake.

DAWA ZA KUTOKA JUU

Itakuwa uonevu kusema Chama kilikaa kimya. Februari 2011 Mwenyekiti wa Chama, Ndugu Jakaya Kikwete, alitangaza kwamba Chama lazima kijivue gamba. Aprili yake Sekretarieti nzima ilijiuzulu, na watuhumiwa wa ufisadi walitakiwa wajipime wenyewe. Machi 2017, chini ya Ndugu John Magufuli, Halmashauri Kuu iliwafukuza uanachama wenyeviti kadhaa wa mikoa na wilaya kwa usaliti wa 2015. Desemba mwaka huohuo iliundwa tume ya kuhakiki mali za Chama ikiongozwa na Dk. Bashiru Ally, nayo ikakabidhi taarifa yake Mei 2018.

Katika hayo tunaithamini zaidi ile ya tatu, kwa sababu ilianza na swali la kitu badala ya swali la mtu: kiwanja hiki ni cha nani, mkataba huu umesainiwa na nani, kodi inaingia akaunti gani? Chama kina mali nyingi katika mkoa huu, na uwanja wa Sheikh Amri Abeid ni mojawapo inayoonwa na kila apitaye katikati ya jiji. Mwanachama anayepita pale ana haki ya kujua unaingiza nini na unatumia nini.

Hata hivyo, dawa zote tatu zilitoka juu na kuishia juu. Gamba lilizungumzwa kama mali ya watu watatu wanne wakubwa. Hakuna tawi lililoulizwa kama nalo lina gamba. Kufukuzwa kwa wasaliti kulikuwa halali kwa Katiba ya Chama, lakini kulithibitisha mkoani somo ambalo watu walikuwa wamekwisha kulijifunza, kwamba kosa kubwa katika Chama ni kuwa na kundi lililoshindwa. Na taarifa ya mali ilikabidhiwa kwa Mwenyekiti. Ilipaswa kushuka pia, tawi kwa tawi, kila moja likipewa ukurasa wake.

Kisha kikaja kipindi cha kurejea. Ndugu Julius Kalanga, aliyeichukua Monduli kwa tiketi ya CHADEMA mwaka 2015, alirudi CCM mwaka 2018 na kurudishiwa jimbo. Ndugu Millya alirudi. Ndugu Lowassa alirudi Machi 2019, na akabaki mwanachama hadi alipofariki Februari 2024. Ndugu Nassari, ambaye kiti chake kilitangazwa kuwa wazi mwaka 2019, naye alijiunga na CCM na mwaka 2021 akateuliwa Mkuu wa Wilaya ya Bunda. Milango ya Chama iko wazi, na mtu ana haki ya kubadili mawazo. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji wa Arumeru hakupona. Kwa miaka saba aliambiwa fulani ni adui. Siku moja akaamka akaambiwa ni mwenzetu, amkaribishe kwa makofi. Hakuna aliyekuja tawini kumwambia ni hoja gani iliyobadilika, ya Chama au ya mrejeaji. Je, tumshangae akihitimisha kwamba hapakuwa na hoja tangu mwanzo?

Mwaka 2020 majimbo yote saba ya Arusha yalirudi CCM, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliulalamikia vikali. Baadhi ya makada wakachukulia kwamba mjadala huu umekwisha. Kwetu sisi ndipo ulipokuwa wa lazima zaidi. Kushindwa humlazimisha mtu kujiuliza hata asipopenda, lakini mwenye viti vyote haulizwi na yeyote asipojiuliza mwenyewe.

JUU YA SIRI

Tunajua pingamizi tutakalopewa. Makada wenye umri mkubwa kuliko wetu, ambao tunawaheshimu, wametuambia kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi uani. Kwamba nidhamu ya Chama ni kusemea ndani ya vikao. Kwamba adui anasoma. Tunakubali nidhamu ya vikao, na ndiyo tunayoifundisha. Lakini yule ndugu mkulima alisemea wapi? Alisemea ndani ya kikao, kwa utaratibu, akiwa amenyoosha mkono na kupewa nafasi. Kama kikao hakisemewi, na nje ya kikao hakusemewi, nidhamu hiyo ni ya nini? Iko siri ya Chama, nayo ilindwe. Kuna na kificho cha mtu, nacho hujifunika blanketi la siri ya Chama. Mficha uchi hazai. Ahadi za mwanachama, tangu TANU, zinamtaka aseme kweli na zinaitaja fitina kuwa mwiko. Hazikusema kwamba kuuliza hesabu ni fitina.

Wengine, hasa wanafunzi wetu vijana, wanatuuliza kinyume chake: kwa nini tusipige marufuku makundi? Yamekwisha kupigwa marufuku mara nyingi, Ndugu zetu. Kila baada ya kura za maoni husomwa tamko la kuyavunja, na wenye makundi ndio hushika kipaza sauti kulisoma. Kundi halivunjwi kwa tamko maadamu kuna mtu anayelipa kodi ya ofisi ya tawi. Ndiyo maana katika kozi zetu tumeacha kuanza na somo la maadui wa Chama, na tumeanza na daftari la mweka hazina. Baadhi ya wakufunzi wenzetu wanaona tumeshuka hadhi, kwamba tumeacha nadharia tukawa makarani. Tunawajibu kwamba Azimio lenyewe lilimwekea kiongozi masharti juu ya mali na mapato yake, na hilo ni daftari.

Katika tawi moja la upande wa mlimani, mwaka wa kwanza wa zoezi hilo, tulihudhuria mkutano wa wanachama chini ya mti wa mparachichi. Mweka hazina alisoma daftari lake kwa sauti, ukurasa mmoja na nusu. Ada zilizolipwa, kodi ya chumba, bendera moja mpya, viti vinane vya plastiki. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na kapu la ndizi za kupeleka soko la Tengeru alinyoosha mkono akasema ofisini ameona viti sita. Mwenyekiti akakunja uso. "Mama, wewe ni wa..." akaanza, kisha akatuona tumekaa pale na kalamu, akanyamaza. Watu wakangoja. Mwishowe akasema viwili viko nyumbani kwake, vilichukuliwa wakati wa msiba wa mdogo wake na havijarudishwa. Mama akasema pole kwa msiba, lakini mkutano huu yeye amesimama. Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na katibu akaandika. Jumamosi iliyofuata tulipopita, viti vilikuwa vinane, na mkutano uliofuata ulikuwa na watu kumi na wanne zaidi ya ule wa kwanza, wengine wamekuja na maswali juu ya mfereji.